Mwanamuziki Naye ni Mfanyakazi

Mwaka 2013, marehemu Mzee Muhidin Maalim Gurumo alipotangaza kustaafu muziki baada ya nusu karne jukwaani, wananchi walipata habari ya kusikitisha: mzee huyo hakuwa na hata gari. Kijana Diamond Platnumz akamzawadia moja, na watu wakamsifu. Sifa hiyo aliistahili. Hata hivyo, hisani ya kijana mmoja si kiinua mgongo. Gurumo alifariki Aprili 2014, na suala alilotuachia lingali mbele yetu.

Mzaliwa huyo wa Kisarawe hakuwa mbabaishaji. Mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alikwenda kuijenga Mlimani Park, iliyojulikana kwa jina la Sikinde. Majina hayo, Msondo na Sikinde, ni ya ngoma za Wazaramo; hivyo wanamuziki hawa waliingiza utamaduni wa Pwani katika magitaa na tarumbeta. Mwaka 1985 alihamia Orchestra Safari Sound, na mwishowe akarejea Msondo.

Hapana budi tukumbuke utaratibu wa siku zile. NUTA Jazz ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, na Sikinde ikawa ya DDC. Mwanamuziki alilipwa mshahara, na vyombo vilinunuliwa na mwajiri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania na kusikika nchi nzima. Utaratibu huo ulikuwa na heri yake, kwa maana ulimtambua mwanamuziki kuwa mfanyakazi. Kasoro yake ilikuwa kwamba wimbo ulipokwisha kurekodiwa, mtunzi hakuendelea kulipwa kila ulipopigwa. Kisha zikaja kaseti za kunakili madukani, mashirika yakaacha kugharimia bendi, na mwanamuziki akabaki na kiingilio cha mlangoni tu.

Wako wasemao kwamba wanamuziki wenyewe ndio waliotapanya fedha zao. Hoja hiyo ni nyepesi. Mwalimu hatutegemei busara yake pekee. Mchango wake wa pensheni hukatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi. Karani naye ni vivyo hivyo. Iweje basi mtu aliyewaburudisha mwalimu na karani katika kumbi za Kinondoni, Magomeni na Chang'ombe adaiwe busara ambayo sisi wengine tumewekewa na sheria?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilizaa COSOTA, na kwa sheria hiyo atumiaye wimbo kwa biashara anapaswa kumlipa mwenyewe. Kazi iliyobaki ni utekelezaji. Kwanza, kila kituo cha redio kiorodheshe nyimbo kinazopiga, za zamani pamoja na mpya, maana bila orodha hakuna mgawo wa haki. Pili, warithi wa watunzi waliofariki watafutwe na kuandikishwa mitaani waliko, Temeke, Mbagala na Manzese, badala ya kungojewa ofisini. Tatu, bendi ziwahimize wanamuziki kujiandikisha katika NSSF, ambayo hupokea michango ya waliojiajiri.

Maofisa utamaduni na walimu mna sehemu kubwa katika jambo hili. Ninyi mko karibu na wananchi; mnaweza kumsaidia mzee asiyejua njia ya ofisi kujaza fomu na kutunza vielelezo vya kazi zake. Gurumo aliimba miaka mingi chini ya bendera ya chama cha wafanyakazi. Heshima inayomfaa ni kuhakikisha kwamba wale waliobaki wanapata haki ya mfanyakazi wakiwa hai, kwani mchango wa mazishi, hata ukiwa mkubwa vipi, haumnunulii dawa mgonjwa.