Mpelekeni kitukuu kwa bibi, acheni maneno ya vibarazani

Huku Chang'ombe tuko poa, bumu limeingia (na limeshaanza kutoka, si mnajua tena). Leo masomo naweka pembeni. Kuna jambo nalisikia mtaani, nalisikia na hapa chuoni kwa wadada waliojifungua huku wanasoma, nimeona nilimwage maana likikaa kifuani litachacha.

Hivi kwa nini siku hizi mtoto anazaliwa, anapelekwa studio kupigwa picha, anapelekwa harusini, anapelekwa hadi Coco Beach kula upepo, lakini kwa yule bikizee aliyemzaa bibi yake hapelekwi? Ukiuliza unajibiwa "ngoja akomae kidogo". Akomae nani? Bibi ameshakomaa siku nyingi jamani, huyo hawezi kungoja!

Msimamo wangu ni huu: arobaini ikiisha, mama akishatoka ndani, safari ya kwanza ya maana iwe kwa mkubwa wa ukoo. Kiswahili chenyewe kimemtengea mtoto huyo jina lake. Kuna mtoto, kuna mjukuu, kuna kitukuu, halafu kilembwe, na majina bado yanaendelea. Waliotunga maneno hayo walitegemea kuwaona hao watu na kuwapakata, siyo kuoneshwa kwenye simu.

Na hiyo ya simu ndo inaniudhi kuliko zote. Bibi yangu wa Mbagala ana mtoto wa jicho macho yote mawili (sisemi mjukuu, nasema ugonjwa). Dada yangu, anayekaa Mwananyamala, alijifungua mtoto wa kike mwaka jana, akawa anatuma picha kwa WhatsApp kila siku. Mjomba anamsogezea bibi simu usoni: "Mama, mwone kitukuu wako." Bibi anaona mwanga tu. Anaitikia "mzuri, mashallah", kisha anauliza: "Huyo mke mwenzangu anakuja lini?" Mnajua bibi zetu, mjukuu wa kiume ni mume, wa kike ni mke mwenza. Utani huo unataka mtoto awepo mapajani. Na simu haipakatwi.

Sasa kwa nini dada hakwenda? Mwananyamala hadi Mbagala ni magari mawili tu na foleni. Sababu aliyotoa mbele za watu ilikuwa mafua ya mtoto. Mafua ya miezi mitatu! Sababu yenyewe ilikuwa kibarazani: shoga zake walimwambia kikongwe hashikishwi kichanga, eti atakula nyota ya mtoto ajiongezee siku. Tena wakaongeza, "na macho yake si mnayaona yalivyo mekundu?"

Hapo ndipo nataka tuongee kama watu wazima. Bibi amepikia kuni na mkaa tangu hajavunja ungo. Moshi wa miaka yote hiyo ungekuachia macho gani wewe? Na tusijidanganye kwamba maneno haya ni ya mzaha. Kule Kanda ya Ziwa watu wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu za miaka ya 2010 zilitaja mamia ya watu kwa mwaka waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Sisi wa Dar tunasoma habari hizo tunatingisha kichwa, "washamba hao". Halafu mtu huyohuyo anamficha mwanawe asiguswe na bibi yake. Panga hana, lakini neno lililotangulia panga analo mdomoni.

Kichekesho ni kwamba yule mtoto alikuwa amefungwa mkononi kitambaa cheusi cha mvuje, na wanja wa kijicho juu ya nyusi. Nani amefundisha mvuje mji huu kama siyo hao hao mabibi? Dawa aliyoturithisha mwenyewe ndiyo tunamkingia yeye!

Na bibi alijua. Wazee hawaambiwi ila wanajua. Nilipokwenda kumsalimia siku moja baada ya pindi, nilimshika mikono nikamwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo, akasema: "Mjukuu wangu, nasikia nimekuwa mchawi. Nimezaa saba nimezika wanne. Mchawi gani anazika wanne wake?" Sikuwa na jibu. Mwaka wake wa kuzaliwa haujui, ila mwaka 1961, bendera ilipopandishwa pale Uwanja wa Uhuru, jirani kabisa na chuo chetu, anasema alikuwa na watoto wawili tayari. Enzi hizo kuzika mtoto mchanga halikuwa jambo geni. Mtu wa namna hiyo akipakata mtoto mzima, mwenye afya, wa kizazi cha nne, unadhani anawaza nyota?

Haya, wale wa hoja ya afya nawaheshimu, maana hiyo ni hoja. Kichanga kinga yake ni ndogo, na mzee naye ni vilevile, mafua ya mtoto yanaweza kumlaza bibi kitandani. Lakini jambo hilo lina utaratibu wake. Mtoto wetu anapata BCG ya kifua kikuu akizaliwa, kisha anarudi kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua na rubella anapata miezi 9. Angalia kadi yake. Kama bibi anakohoa wiki ya pili au ya tatu, mpelekeni kwanza bibi akapimwe, jambo ambalo mlitakiwa kulifanya hata bila mtoto. Nawa mikono kwa sabuni, busu la mdomoni hapana. Tatizo ni mate ya baraka, maana wazee wengine hawabariki bila kutemea. Kwetu tuliliongea kwa adabu, Mama ndiye aliyeanza, na bibi wala hakununa. Alinong'oneza maneno yake kwenye kiganja, akakipitisha kwenye nyayo za mtoto. Alisema miguu ndiyo inayotembea na dua.

Ndiyo, walikwenda. Mama alichoka na mafua yasiyoisha, Jumamosi moja baada ya chanjo ya wiki ya 14 akamfuata dada Mwananyamala, akambeba mtoto mwenyewe. Dada alikaa karibu na mlango, amebana pochi, utadhani yuko polisi.

Kwa mtakaokwenda, nawapa ya kwangu machache. Msiende kwa nusu saa na bajaji inasubiri nje. Tandikeni mkeka, bibi aegemee ukuta, mto chini ya kiwiko maana mikono ya wazee inachoka haraka, na mtu akae ubavuni bila kumkodolea. Msimpokonye mtoto akilia. Bibi wetu alimpapasa kichwa, masikio, vidole kimoja kimoja, akasema masikio haya ni ya marehemu mama yake. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona huyo mama wala kusikia jina lake! Mimi ninayesomea ualimu wa historia, ninayekariri kila muhula kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia, nililisikia jina la mama wa bibi yangu siku ile kwa sababu ya masikio ya kichanga. Nikawasha kinasa sauti cha simu. Nina dakika 47, na bado hajafika kwa baba yake. Jumamosi hii tunarudi, na safari hii dada ndiye aliyeuliza tunaondoka saa ngapi.