Baba akitengeneza boti, mtoto akae mbali

Boti zinaelea Ziwa Tanganyika, lakini kiti au kifuniko chake kinaweza kuundwa nyumbani hata Kasulu au Kibondo, kwa kitambaa cha faiba, rezini na dawa ya kugandisha. Hapo mzazi awe macho.

Huku juu kuna baridi. Rezini huchelewa kukauka, na fundi hushawishika kuingia ndani, kufunga mlango na kuwasha jiko la mkaa. Mvuke wa rezini hushika moto. Tena ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini anapotambaa mtoto. Huleta kizunguzungu, kichefuchefu na macho kuwasha.

Kazi hii ifanyike nje, siku ya jua. Kuzidisha dawa ili rezini igande haraka si suluhisho: mchanganyiko hupata moto wenyewe na unaweza kuwaka.

Dawa hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Hufanana na maji, lakini huunguza jicho na koo. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ikimwingia mtoto jichoni, aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Akiinywa, asitapishwe, awahishwe hospitali, na chupa ibebwe ili daktari aione.

Vumbi la msasa nalo huwasha ngozi na kifua. Baba aoge na kubadili nguo kwanza, ndipo ambebe mwanawe.