Muhogo Mtupu Haujengi Mwili
Ndugu askari, wengi wetu twaifahamu Koboko, mahali Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Huko, kama Arua, muhogo ndio nguzo ya mlo wa maskini. Lakini uji wa muhogo mtupu hujaza tumbo la mtoto pasipo kuujenga mwili, kwani protini yake ni haba. Mtoto apasa kunyonya tu kwa miezi 6; kisha alishwe vyakula vya mchanganyiko, akinyonya hadi miaka 2 au zaidi. Karanga na simsim hustawi West Nile, ila ufukara huzipeleka sokoni. Basi mshahara ufikapo, tuanze na bakuli la mtoto. Aulindaye mpaka asiisahau jamaa yake.