Maisha Hayangoji Mkataba Uishe



Tangu fainali ya Kombe la Dunia ya Desemba 2022 nchini Qatar, jina la Lusail halihitaji maelezo huku kwetu. Waafrika Mashariki wanaofanya kazi katika mji huo na kote Doha, walinzi, madereva, wasafishaji na wahudumu wa hoteli, wana kauli inayosikika kila kambi: "Nikirudi nyumbani ndipo nitaanza maisha." Toleo hili limeandaliwa kuipinga kauli hiyo.

Ukocha wa maisha, uliopata sura ya taaluma huko Marekani katika miaka ya 1990, sasa umetufikia kwenye simu kwa video fupi na makundi ya WhatsApp. Msingi wake ni mwema: tambua unachokithamini, kisha upange maisha yako yakifuate. Ila kumwambia mtu wa zamu ya saa 12 "fuata ndoto zako" ni kumtwika mzigo juu ya mzigo.

Mchukue mlinzi wa usiku katika mnara mmojawapo wa Lusail. Mshahara ukiingia, hajavua hata sare, simu inaanza: ada ya mdogo wake, mchango wa harusi ya binamu, matanga, saruji ya fundi. Anatuma na kutuma mpaka anabaki na hela ya chakula tu. Muulize anathamini nini, atakujibu "familia" bila kusita. Lakini binti yake wa darasa la tatu anamjua zaidi kwa ujumbe wa M-Pesa kuliko kwa sauti.

Nyumba, ploti na ada ni malengo, na malengo hufika mwisho. Ulezi hauna siku ya kukamilika, na hauwezi kuwekwa akiba hadi mkataba uishe. Saa ya Doha na ya Nairobi ni moja. Mlinzi huyo anapotoka zamu alfajiri, binti ndiyo kwanza anavaa viatu vya shule. Dakika kumi za simu wakati huo, kila siku, asome ukurasa mmoja baba akisikiliza, ni ulezi kamili.

Hatuhubiri ubinafsi. Kutuma pesa nyumbani ni utu, na hatutaki kocha yeyote atufundishe kuwasahau wazazi. Tunachopendekeza ni hiki: chukua orodha ya pesa ulizotuma mwezi uliopita, na kando ya kila jina uandike "nilichagua" au "niliogopa lawama". Ukarimu wa kuchagua humjenga mtoaji na mpokeaji. Ule wa kuogopa maneno ya watu huzaa kinyongo, tena dhidi ya watu uliokwenda ughaibuni kwa ajili yao.

Wala hatusemi kila kitu kimo mikononi mwa mfanyakazi. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, takriban dola 275. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kwa wiki na, akishatimiza mwaka, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka wa kazi. Kocha anayeuliza kuhusu ndoto kabla ya kuuliza kama siku hiyo ya mapumziko unaipata, na pasipoti yako anaishika nani, hajaanza kazi. Mtu asiye na siku yake hana pa kuishi anachokithamini, na kuidai siku hiyo ni sehemu ya kujipangia maisha.

Kwa hiyo, kabla hujasaini mkataba wa pili, jibu swali hili kwa maandishi: katika miaka miwili ya mkataba huo, ni jambo gani ninalolithamini nitakalolifanya hapahapa, kila wiki, bila kungoja ndege ya kurudi? Ukishalijibu, utajua cha kukubali, cha kukataa, na cha kumdai mwajiri.