Waya wa Ardhini Upimwe Kiangazi

Msomaji, huenda umepata kuona, kando ya ukuta wa nyumba yenye umeme, waya ukishuka na kuzama ardhini. Mwisho wake umefungwa kwenye fimbo ya chuma iliyovikwa shaba. Ukimwuliza mwenye nyumba kazi yake, atakujibu kwamba huyo ndiye mlinzi: umeme ukivuja, utakimbilia ardhini. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kuua mtu.

Ardhi haipokei umeme kwa kuwa ni ardhi. Huupokea kwa kuwa ina maji. Mchanga na mawe makavu hupitisha umeme kwa shida kubwa. Mvua inyeshapo, maji huyeyusha chumvichumvi zilizomo udongoni, nazo ndizo zibebazo umeme. Kiangazi kifikapo, njia ile iliyokuwa pana huwa nyembamba. Udongo mweusi wa nyanda za Athi na wa Mwea hufanya zaidi ya hayo: hunywea na kupasuka, hata ukaiachia fimbo.

Na tufanye hesabu. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 240. Tuseme wakati wa mvua ukinzani wa fimbo, yaani ugumu wa kupitisha umeme, ni omu 4. Waya wenye umeme ukigusa mwili wa birika la chuma, ampea 60 zitakimbilia ardhini, na fyuzi ya ampea 13 iliyomo katika plagi itakatika upesi. Ukame ukipandisha ukinzani hadi omu 40, zitapita ampea 6 tu. Fyuzi haitakatika. Birika litakaa na umeme wake, kimya, likimngoja wa kuligusa.

Basi ni fundi gani huyu apimaye fimbo mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, kisha aseme kazi imekwisha? Mbaya kuliko yeye ni yule amwagaye ndoo ya maji penye fimbo kabla ya kupima. Huyo hapimi ardhi. Apima ndoo yake. Wengine hutia chumvi shimoni. Lakini mvua huichukua chumvi hiyo, nayo kabla ya kwenda hula chuma.

Watu husema kwamba siku hizi ziko swichi zikatazo umeme zenyewe mara uvujapo, hata ukinzani ukiwa mkubwa. Ni kweli, na yafaa kila nyumba iwe nayo. Lakini swichi ni chombo, na chombo huharibika. Anunuaye kufuli haling'oi komeo.

Dawa haina siri. Fimbo ipigiliwe chini mpaka ifikie udongo usiokauka mwaka mzima. Mwamba ukizuia, zitumike fimbo kadhaa zilizoachana na kuunganishwa pamoja. Kisha zipimwe Februari, kabla ya masika, ardhi ikiwa katika udhaifu wake.

Wewe usomaye leo ndiwe fundi au mwenye nyumba wa kesho. Usiuguse waya huo. Lakini nyumbani na shuleni uliza swali moja tu: ulipimwa mwezi gani? Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Dhiki ya waya huu ni kiangazi.