Kiki ya Samaki wa Mita Moja: Hongera Mzee, Ila Mto Una Wenyewe

Picha ya staa mmoja wa muziki, jina kapuni, imezunguka kwenye magrupu mpaka basi. Jamaa alialikwa na Waswahili wa Australia kupiga shoo, kisha wenyeji wake wakampeleka mto mmoja wa mbali huko kaskazini, upande wa Darwin, kuvua baramundi. Kwenye picha amepiga magoti ukingoni, maji yanamfika mapajani, amekumbatia samaki wa mita moja na ushee. Pembeni linaonekana bega la mzee mweusi mwenye kofia. Uso wake umekatwa.

Mashabiki wamemwita mwamba, sijui simba wa mto. Haya, hongera kwa samaki. Lakini picha ile isisifiwe kihivyo, maana kesho dogo mwingine ataiga na atarudi kwenye jeneza.

Kwa wasiomjua, baramundi ni ndugu kabisa wa sangara, wako jenasi moja inayoitwa Lates. Mtu wa Mwanza akimwona atasema huyu wa kwetu. Ila mwenzake sangara anamalizia maisha ziwani, baramundi ni msafiri. Anazaliwa kwenye maji ya chumvi karibu na mlango wa mto, wengi wanapanda kukulia kwenye maji baridi, halafu wanashuka tena kuzaana.

Na mito ya kule sio ya mchezo. Darwin bamvua inaweza kufika karibu mita 8, wakati ya Dar au Zanzibar ni kama nusu yake. Usipojua saa ya maji kupwa, boti inabaki juu ya tope na wewe ndani yake unahesabu nzi. Msimu wenyewe mtamu ni kati ya Machi na Mei, mvua zikiisha. Maji ya mabondeni yanamwagika mtoni kupitia vijito, yanabeba vidagaa, na baramundi anajipanga mdomoni mwa kijito kama mtu anayesubiri pilau la msibani. Hapo ndipo wanarusha chambo cha bandia.

Sasa shida iko wapi? Ya kwanza ni yale maji mapajani. Mito hiyo ina mamba wa maji chumvi, na dume lake linaweza kupita mita 5. Walikuwa wamewindwa mpaka wakabaki kama 3,000 jimbo zima la Northern Territory, serikali ikapiga marufuku kuwaua mwaka 1971. Leo wanakadiriwa kufika 100,000. Maji yenyewe ni tope tupu, huoni hata nusu mita. Ndiyo maana wenye mji wao wanafundisha kukaa mita 5 kutoka ukingoni, na kutoparia samaki pembeni ya maji. Wanajua wanachosema. Mamba haangalii una wafuasi wangapi.

Ya pili ni samaki mwenyewe. Baramundi wengi wanaanza maisha wakiwa madume, wakishakua wanageuka majike. Kwa hiyo yule wa mita moja unayemposti kama dume la mbegu, karibu kila mara ni mama, na tumboni anaweza kubeba mayai mamilioni. Sheria ya jimbo hilo inasema aliye chini ya sentimita 55 arudishwe majini. Wavuvi wenye akili wanaenda mbele zaidi, wanamrudisha na mama mkubwa, wanakula wa saizi ya kati ambaye hata nyama yake ni tamu zaidi. Picha inapigwa haraka ndani ya boti, mikono imeloweshwa, tumbo limeshikiliwa, kisha anaachiwa. Kumning'iniza kwa mdomo dakika nzima ukitafuta pozi ni kumuua polepole.

Ya tatu ndiyo inauma zaidi, lile bega lililokatwa. Sehemu kubwa ya pwani ya jimbo lile ni ardhi ya wenyeji wa asili, watu waliokuwa wanakula samaki huyo kabla Mzungu hajafika. Walipigania haki yao mahakamani miaka na miaka. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Australia, kwenye kesi ya Blue Mud Bay, ikaamua kwamba maji yanayopwa na kujaa juu ya ardhi yao nayo ni yao kuyasimamia. Baadhi ya maeneo yana makubaliano, mvuvi anaingia tu. Mengine ni mpaka kibali. Leseni ya kuvua kwa starehe jimbo hilo halina, lakini hodi ipo.

Mzee kama yule anajua kijito kipi kina samaki, maji yatageuka saa ngapi na mamba mkubwa analala wapi. Bila yeye staa angerudi na picha ya matope. Sasa unamkataje uso?

Watetezi watasema ni wivu, na kwamba mchezo ule una hela. Ni kweli, tangu 2015 kuna shindano kule la samaki waliovalishwa vitambulisho, na wapo wenye thamani ya dola milioni moja. Sawa. Lakini hela haimfukuzi mamba, wala haimpi mtu ruhusa ya kuingia kwa watu kama shambani kwa babu yake.

Staa huyo bado ana nafasi. Kama picha nzima anayo kwenye simu, aiposti upya, mzee aonekane na atajwe kwa heshima kama mwenyewe ataridhia, na aseme wazi kwamba pale majini hapasimamwi. Kiki ataipata vilevile, na kuna dogo mahali ataiona akabaki kwenye boti.

Wadau, semeni nyie: ule ni ushujaa au ni kutafuta sifa?