Nani Ana Haki ya Kuhesabu Karata za Mwenzake?

Katika semina ya mbinu za utafiti muhula huu niliwapa wanafunzi mfano ambao baadhi yao waliuona haufai kutajwa ndani ya kuta za chuo kikuu: mchezo wa poka unaochezwa kwa intaneti. Mwenzangu mmoja wa idara alipita mlangoni, akaona nimechora karata ubaoni, akatikisa kichwa na kuendelea na safari yake. Simlaumu. Ila sijapata mfano mwingine unaoeleza kwa uwazi kiasi hicho mgogoro mmoja wa zama zetu, yaani nani aruhusiwe kukusanya kumbukumbu za matendo ya mtu, na dhidi ya nani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwishoni mwa 2009, katika tovuti ya Full Tilt Poker, aliibuka mchezaji aliyejiita Isildur1. Hakuna aliyejua ni nani. Aliwakabili vigogo wa mchezo huo mmoja mmoja, meza kadhaa kwa wakati mmoja, na mwezi Novemba faida yake ilipanda hadi mamilioni ya dola. Tarehe 8 Desemba alikutana na Mmarekani Brian Hastings katika Omaha, aina ya poka ambayo kila mchezaji hupewa karata nne, na ndani ya saa chache akapoteza takriban dola milioni 4.2. Januari 2011 ndipo alipojitambulisha hadharani: Viktor Blom, Mswidi, ambaye siku ile ya Desemba alikuwa na umri wa miaka 19.

Mcheza kamari kupoteza fedha si habari. Habari ilikuja baadaye, pale Hastings alipoeleza katika mahojiano kwamba alijiandaa pamoja na wenzake wawili, Brian Townsend na Cole South, na kwamba Townsend ndiye aliyebeba kazi kubwa ya kuchambua mchezo wa Isildur1. Townsend naye akakiri kuwa alitumia kumbukumbu za michezo ambayo yeye mwenyewe hakuicheza, jambo lililokatazwa na masharti ya tovuti. Alivuliwa hadhi yake ya mchezaji rasmi wa tovuti kwa mwezi mmoja. Fedha zilibaki zilipokwenda.

"Mwalimu, kosa liko wapi?" aliuliza mwanafunzi mmoja. "Wao walisoma, mwenzao hakusoma."

Ni hoja nzito, na haijibiki bila kuingia katika hesabu. Kila mgawo wa karata ukimalizika, tovuti humwandikia mchezaji kumbukumbu ya yaliyopita: nani aliweka dau, kiasi gani, nani alijitoa, karata zipi zilifunuliwa. Zipo programu zinazosoma kumbukumbu hizo na kuzigeuza takwimu. Mwanagenzi hukimbilia kutazama faida, na hapo hupotea. Chukua mchezaji hodari ambaye kwa wastani hupata faida ya madau ya msingi 5 katika kila migawo 100, huku matokeo yake yakipanda na kushuka kwa kipimo cha mtawanyiko cha madau 90 kwa migawo hiyohiyo 100. Akicheza migawo 10,000, wastani atakaouonyesha bado unaweza kuyumba kwa takriban madau 9 juu au chini ya ukweli wake. Maana yake ni kwamba hodari huyo, karibu mara tatu katika kumi, ataonekana ni mtu wa hasara. Yeyote anayempima waziri kwa siku zake mia moja za kwanza angefaa kulitafakari hilo, lakini tuliache.

Faida husema polepole; tabia husema upesi. Ukitaka kujua mtu huingia katika mgawo kwa hiari mara ngapi, migawo 400 inatosha kukupa jibu lenye kosa la asilimia 2 au 3 tu. Ugumu unarudi katika matukio adimu: afanyeje anapoongezewa dau mara ya tatu, huku karata ya mwisho ikiwa imeharibu matumaini yake? Tukio linalotokea mara moja katika migawo 200 utaliona mara 10 tu katika migawo 2,000. Kumi si kitu. Lione katika migawo 30,000, na unayo mifano 150. Sasa unajua lini mtu huyo anatisha kwa karata tupu, pengine kabla yeye mwenyewe hajajijua.

Hapo ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wangu. Kumbukumbu za mchezaji mmoja ni haki yake, kwa sababu alikaa mezani na kulipia kila alichokiona kwa fedha yake. Mrundikano wa kumbukumbu za watu wengi juu ya mtu mmoja ni kitu kingine kabisa. Blom alipocheza na mtu wa kwanza, wa pili na wa kumi, kila mmoja alimwonyesha kipande. Hakumwonyesha yeyote picha nzima, wala hakujua kwamba kuna aliyekuwa akiiunganisha.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimesema kwamba kurundika ni uovu. La hasha. Mwaka 2007, katika tovuti ya Absolute Poker, mchezaji aliyejiita POTRIPPER alishinda shindano lenye kiingilio cha dola 1,000 kwa namna iliyowashangaza wenzake. Mshindi wa pili, Marco Johnson, aliomba kumbukumbu za shindano, akatumiwa faili lenye zaidi ya alichoomba: karata za wachezaji wote, pamoja na orodha ya waliokuwa wakitazama. Wachezaji waliligawana na kulisoma pamoja. Wakaona kwamba baada ya migawo miwili akaunti fulani ilikuja mezani kutazama, na tangu hapo POTRIPPER hakujitoa mapema katika mgawo wowote kwa muda wa dakika ishirini hivi, hadi pale mpinzani mmoja alipogawiwa wafalme wawili. Kulikuwa na jicho ndani ya mfumo lililoona karata za wote. Kampuni ilikana kwanza, kisha ikakubali. Januari 2008 tume ya michezo ya kamari ya Kahnawake, Kanada, iliitoza faini ya dola 500,000. Mwaka huohuo wizi mkubwa zaidi wa aina hiyo ulithibitishwa katika Ultimate Bet, na tume ikamtaja Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa 1994, kuwa mhusika mkuu.

Basi kitendo ni kilekile, watu wameunganisha vipande, lakini mara moja nakishangilia na mara nyingine nakilaani. Wenzangu wa sheria hupenda kusema kanuni ni kanuni. Mimi hutazama kwanza nani anaona nini. Katika kisa cha 2007 wasioona waliungana dhidi ya aliyeona kila kitu. Katika kisa cha 2009 watatu waliungana dhidi ya mmoja aliyeona karata zake tu. Simfanyi Blom kuwa yatima, kwani alikwenda mezani kwa miguu yake na mamilioni mkononi. Nasema tu kwamba meza haikuwa ile aliyodhani ameikalia.

Nawaeleza haya wanafunzi ambao wengi wao hubeti. Naona mikeka yao kwenye simu hata wakati wa mhadhara. Kampuni inayopokea madau yao ina kila kumbukumbu: saa, kiasi, dau lililofuata baada ya mkeka kuchanika, wiki ambayo boom imeingia. Huo ni mrundikano ambao Townsend angeuonea wivu. Mwanafunzi hana chochote, anakumbuka ushindi wake mmoja wa mwezi uliopita.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mhusika haki ya kuzipata taarifa zake. Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, hasa walio katika Tume iliyoundwa na sheria hiyo na katika Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ombi langu ni dogo: leseni imlazimishe mwenye kampuni kumpa kila mchezaji faili kamili la madau yake yote tangu siku ya kwanza, bila kuombwa. Tovuti za poka ziliwapa wachezaji wao kumbukumbu kama hizo zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Wanafunzi watatu wa semina yangu waliandika barua kuomba historia yao. Wawili hawajajibiwa. Wa tatu alijibiwa siku ileile: afungue programu, atazame salio.